Chanjo ya malaria: maswali ninayoulizwa kila mara

Nimekulia Muheza, mkoani Tanga. Kule, masika ikishachanganya, kila mama anajua kwamba wiki chache zijazo wodi ya watoto italaza wawili wawili, pengine watatu, kitanda kimoja. Huo ndio utoto wangu, na ndiyo sababu habari ya chanjo ya malaria siwezi kuiandika kama ninavyoandika habari za sayari za mbali. Maswali haya nimeulizwa kwenye simu, msibani, harusini na ndani ya daladala. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa.

Dada, hiyo chanjo ipo kweli au ni maneno ya redioni?

Ipo, tena ziko mbili. Ya kwanza ni RTS,S, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1987, kampuni ya GSK ikishirikiana na watafiti wa jeshi la Marekani. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto tarehe 6 Oktoba 2021. Ya pili ni R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa kwa wingi na Serum Institute ya India. Hiyo ilipendekezwa tarehe 2 Oktoba 2023, ingawa Ghana haikusubiri: iliiidhinisha tangu Aprili mwaka huo.

Inafanyaje kazi mwilini?

Hapa naomba uvumilivu, maana ukilielewa hili mengine yote yananyooka.

Kimelea cha malaria hakina umbo moja. Mbu jike wa Anofelesi akikuuma usiku, mate yake huacha chini ya ngozi vimelea vichache, vyembamba kama uzi, vinavyoitwa sporozoiti. Havikai hapo. Kwa muda wa saa moja hivi vimeshaingia kwenye damu na kujificha ndani ya ini. Siku hizo wewe husikii kitu: unalima, unauza, unacheza mpira. Takriban wiki moja baadaye kila kimelea kilichofika kwenye ini kimeshazaa maelfu. Seli zinapasuka, vimelea vinamwagika kwenye damu, na sasa vina umbo jingine kabisa. Hapo ndipo inapoanza baridi, homa, viungo kuuma na kutapika.

Chanjo zote mbili zinaufundisha mwili kuikamata ile hatua ya kwanza tu. Sporozoiti imevikwa protini fulani kama mtu alivyovaa kanzu. Wanasayansi walitengeneza kipande cha protini hiyo maabara, wakakiunganisha na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, ile ile inayotumika kwenye chanjo ya homa ya ini kwa miaka mingi, kisha wakaongeza kichangamsho cha kuiamsha kinga ya mwili. Kichangamsho hicho kina kitu kinachotoka kwenye gome la mti wa Chile uitwao quillaja. Watu wa huko walikuwa wakifulia gome hilo kwa sababu linatoa povu kama sabuni. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilinyamaza kidogo. Mtoto wa Homa Bay, Kenya, analindwa kwa gome la mti ambao mama yake hatauona maisha yake yote.

Sasa tazama ugumu wake. Mwili una saa moja, pengine chini ya hapo, kuvikamata vimelea vyote. Kimoja kikiponyoka kikafika kwenye ini, kitazaa maelfu, na hayo maelfu yamevua ile kanzu. Kingamwili za chanjo, yaani askari ambao mwili umewaandaa kwa kufundishwa na chanjo, haziyatambui tena. Ndiyo maana mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuugua, na akiugua anapimwa na kutibiwa kwa dawa zile zile.

Mtoto anaweza kupata malaria kutokana na sindano yenyewe?

Hapana. Ndani yake hamna kimelea, hai wala mfu.

Walianza kusema asilimia 36, juzi nikasikia asilimia 75. Nimwamini nani?

Waamini wote wawili, ila uulize kila namba ilipimwa wapi na kwa muda gani. Swali hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu namba hizi zimefanya watu wengi wadharau kitu ambacho hawajaelezwa.

Jaribio kubwa la RTS,S lilianza 2009 na kumalizika 2014 katika nchi saba za Afrika, likiwa na watoto 15,459. Baadhi yao walikuwa wa Kilifi, Siaya na Kombewa kwa Kenya, Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania. Wale walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, walifuatiliwa kwa takriban miaka minne. Katika muda huo wote, mara walizougua malaria zilipungua kwa asilimia 36. Ukichukua mwaka wa kwanza peke yake, kinga ilizidi nusu.

Asilimia 75 ya R21 ni ya mwaka mmoja, na ilipatikana Burkina Faso na Mali kwenye maeneo ambayo malaria ina msimu wake. Watoto wale walichanjwa kabla tu ya mvua, yaani kinga ilikuwa kileleni siku mbu walipotoka. Kwenye vituo vingine vya jaribio hilo hilo, vikiwemo Kilifi na Bagamoyo, ambako watoto walichanjwa bila kufuata msimu, ilikuwa asilimia 68. Kwa hiyo anayeweka 36 kando ya 75 na kusema hii ni mara mbili ya ile, anapima gunia la mahindi la miaka minne kwa debe la mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna ushahidi kwamba moja inaishinda nyingine. Utakayoikuta kliniki kwako, mchanje.

Halafu hiyo 36 yenyewe. Haina maana kwamba watoto 36 wamesalimika na 64 wameachwa. Maana yake ni kwamba homa zimepungua kwa jumla. Katika jaribio lile, kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, ilizuilika malaria mara 1,774. Usishangae namba kuzidi watoto: palipo na malaria kali mtoto mmoja huugua mara tatu, mara nne, na kila mara ni usiku wa kukesha, nauli ya kwenda zahanati na siku ya kazi iliyopotea.

Nguvu yake inadumu muda gani?

Inapungua, na nasema wazi. Kilifi walifuatilia watoto 447 kwa miaka saba katika jaribio la awali la RTS,S ambalo halikuwa na dozi ya nne. Ukijumlisha miaka yote saba, kinga iliyobaki ilikuwa kama asilimia 4. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, na mwandishi wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Dkt. Ally Olotu, ambaye baadaye aliongoza kazi ya R21 huko Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Nalipenda jambo hilo: mtu aliyeonyesha udhaifu wa chanjo ya kwanza bila kificho ndiye aliyeingia kuijaribu ya pili.

Ila fikiria malaria inaua nani. Mwaka 2023 ilikadiriwa watu 597,000 walikufa kwa malaria duniani, karibu wote Afrika, na hapa Afrika robo tatu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Akiivuka miaka hiyo, mwili wa mtoto unakuwa umeshajifunza wenyewe kidogo kidogo. Chanjo inamshika mkono kwenye kipande cha njia chenye shimo.

Kama haizuii yote, ya nini kumtoboa mtoto mara nne?

Kuanzia 2019, Malawi, Ghana na Kenya zilianza kutoa RTS,S kwenye kliniki za kawaida, si za utafiti. Manesi walewale, foleni zilezile, friji zinazozimika umeme ukikatika. Walilinganisha maeneo yaliyopata chanjo na yale ambayo yalikuwa hayajapata. Vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, ukiondoa vya ajali, vilipungua kwa asilimia 13, na kulazwa kwa malaria kali kukapungua kwa asilimia 22. Na humo wamehesabiwa hata watoto wa maeneo hayo ambao hawakuchanjwa. Si mambo mengi katika afya ya watoto yanayoshusha vifo kiasi hicho kwa pigo moja.

Niseme na langu. Mdogo wangu alipokuwa na miaka miwili alishikwa na degedege usiku. Macho yalipanda juu, mikono ikakakamaa, povu likamtoka mdomoni. Bibi, Mungu amrehemu, alifanya alichofundishwa na waliomtangulia: alimfukiza. Kwetu pwani wazee wengi waliamini degedege ni dege, ndege wa usiku anayepita juu ya nyumba, kivuli chake kikimwangukia mtoto ndipo humkamata, na kwamba akipigwa sindano katika hali hiyo atakufa. Tulifika hospitali asubuhi. Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Alipona, lakini kusoma kulimwia vigumu, na mpaka leo mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Mtoto wa namna hiyo haonekani kwenye hesabu ya vifo.

Kwa hiyo degedege ni malaria?

Si lazima. Degedege ni mwili kukakamaa na kutikisika, na homa kali yoyote inaweza kulileta kwa mtoto mdogo. Lakini palipo na malaria, lihesabu kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na uondoke naye hapo hapo.

Madhara yake je?

Homa ya siku moja au mbili, uvimbe mahali pa sindano, mtoto kukataa kula. Mara chache sana homa hiyo huleta degedege katika wiki ya kwanza baada ya sindano, ndiyo sababu nesi anakuambia umwangalie na urudi akipata joto kali.

Katika jaribio kubwa la RTS,S ziliibuka shaka mbili tatu: homa ya uti wa mgongo ilionekana mara nyingi zaidi kwa waliochanjwa, na vilevile vifo vya watoto wa kike. Hazikufichwa. Ndiyo sababu moja kubwa ya kuanza na nchi tatu tu na kuhesabu kwa miaka kadhaa. Baada ya hesabu hiyo ya watoto wengi zaidi, hakuna hata moja iliyoonekana tena.

Inatolewa lini, na wapi?

Kuanzia mtoto akiwa na takriban miezi mitano, dozi tatu za kwanza zikifuatana, ya nne baadaye. Tarehe zenyewe kila nchi imezipanga kivyake, kwa hiyo fuata kadi yako ya kliniki, si ya shemeji yako aliye nchi nyingine.

Kenya ilianza Septemba 2019, Homa Bay, na chanjo ikapelekwa upande wa Ziwa Victoria ambako malaria ndiyo nyumbani kwake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza 2024. Uganda iliingia Aprili 2025 na wilaya zaidi ya mia moja kwa mkupuo. Chanjo inafuata malaria ilipo, kwa hiyo usishangae mzazi wa Nairobi kuambiwa haipo kwenye ratiba yake.

Ya korona ilipatikana chini ya mwaka mmoja. Hii miaka thelathini na kitu! Ni kwa sababu wanaokufa ni sisi?

Kwa sehemu, ndiyo. Ugonjwa wa maskini haumpi mwenye kiwanda faida, na kulikuwa na miaka ambayo kazi ilisubiri fedha. Lakini ningekuwa nakudanganya kama ningeishia hapo. Kimelea cha malaria kina jeni zaidi ya 5,000, kirusi cha korona kina chache tu. Na kuna jambo jingine: ukiugua surua ukapona, huugui tena. Malaria unaugua leo, unapona, unaugua tena baada ya mwezi. Kama ugonjwa wenyewe hauachi kinga kamili mwilini, chanjo itamwiga nani? Kilichowapa watafiti moyo ni kazi ya Ruth Nussenzweig huko New York mwaka 1967. Aliwapa panya sporozoiti zilizodhoofishwa kwa mionzi, na panya wale wakakingika. Kutoka panya wale hadi watoto wa Bagamoyo ni zaidi ya miaka arobaini.

Tunaishi Muscat na watoto. Tukija Tanga likizo, tuwachanje?

Chanjo hizi zimepangwa kwa watoto wanaoishi penye malaria, na zinahitaji miezi kukamilika, kwa hiyo si za safari ya wiki tatu. Muone daktari huko kabla ya kusafiri, akupe vidonge vya kujikinga kwa familia nzima. Na wewe uliyezaliwa hapa usijidanganye kwa kusema "mimi nimezoea." Kinga tuliyoipata utotoni hupungua ukikaa miaka mahali pasipo na malaria. Mkirudi Muscat mtu akapata homa, mwambieni daktari mlikotoka, kwa maana asipoambiwa hataifikiria malaria.

Sasa chandarua nikifanyie nini, nifugie kuku?

Kitundike! Watoto wengi wa majaribio ya chanjo niliyoyataja walikuwa wakilala kwenye vyandarua. Kinga ya chanjo ilipimwa juu ya ile ya chandarua.

Tena vyandarua vyenyewe vimebadilika. Mbu wengi wameshaizoea dawa ya zamani, unamkuta ametua juu ya neti anajisafisha mbawa. Kule Misungwi, mkoani Mwanza, watafiti walijaribu neti zenye dawa mbili kwa pamoja, ya zamani na nyingine iitwayo klofenapiri. Kwa miaka miwili watoto waliozitumia waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 kuliko wenye neti za kawaida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza. Ukigawiwa neti mpya, usiiweke kabatini kusubiri wageni.

Kuna habari gani nyingine tuzifuatilie?

Zipo njema. Huko Kwale, pwani ya Kenya, watu walipewa dawa ya minyoo iitwayo ivamektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Dawa hiyo inabaki kwenye damu na kumuua mbu anayeinyonya. Matokeo yaliyotoka 2025 yanaonyesha maambukizi kwa watoto yalipungua kwa asilimia 26. Na karibu na Ziwa Victoria watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walimkuta mbu akiwa na kiumbe kidogo sana ndani yake, Microsporidia MB, kinachozuia kimelea cha malaria kukua. Mbu yule anaishi, anauma, lakini habebi ugonjwa. Hilo bado ni jambo la maabara, lakini mimi nalifuatilia kwa hamu.

Zipo pia zinazonikosesha usingizi. Rwanda, Uganda na mkoa wa Kagera vimepatikana vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa ya mseto. Wa umri wangu mnaikumbuka klorokwini, na muwasho wake. Ilitutibu miaka na miaka mpaka ikashindwa, Tanzania ikaiacha mwaka 2001, na kabla ya kuachwa watoto wengi walizikwa wakiwa wameshaimeza. Kila mtu anayemeza vidonge viwili akapata nafuu na kuweka vilivyobaki juu ya kabati anakisogeza kimelea karibu na siku nyingine kama ile. Maliza dozi.

Na yuko mbu mgeni kutoka Asia, Anopheles stephensi, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012 na Kenya mwaka 2022. Wetu anazaliana kwenye madimbwi ya shamba. Huyu anapenda matangi na madumu ya mjini. Funika maji yako.

Mwanangu alikosa dozi ya nne, umri umepita. Tuanze upya?

Hapana, hakuna kuanza upya. Zile tatu hazijapotea. Mpeleke siku ya kliniki iliyo karibu na uombe iliyobaki. Wengi wanaikosa hii kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia, anaonekana mzima, na mama hana tena sababu ya kwenda kliniki kila mwezi. Usione haya kwa kuchelewa. Beba kadi, hata kama imechanika na kuunganishwa kwa selotepu. Nesi anachotafuta ni zile tarehe tatu za mwanzo, na nafasi tupu iliyo chini yake.